Dhaifu Hatolewi Damu

Aregae wa kijiji cha Lopur alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hata waliomchukia walilikubali. Kabla hajawahi kushika sindano ya hospitali alikuwa ameshatoa damu ng'ombe wasiohesabika. Vijana wawili wanamshika mnyama, kamba ya ngozi inakazwa shingoni mpaka mshipa unavimba, kisha Aregae anachukua upinde mdogo na ule mshale wenye kizuizi karibu na ncha ili usizame, anapiga mara moja. Mara moja tu! Damu inaruka ndani ya kibuyu, kamba inalegezwa, kidonda kinazibwa kwa samadi, ng'ombe anakwenda zake kula. Wapo waliopiga mara tatu, mara nne, mnyama anaruka huku na huku. Hao Aregae aliwaita wachinjaji, na aliwaita hivyo wakisikia.

Lakini mkono mwepesi si kitu bila macho. Baba yake alimfundisha kuchagua kwanza. Hutolewa damu dume lililonona, au mtamba mwenye ngozi ya kung'aa. Aliyekonda haguswi. Aliyezaa juzi haguswi. Mgonjwa ndiyo kabisa, usimsogelee hata na kamba. "Ukimtoa damu dhaifu," mzee alisema, "umemla kabla hajafa." Huko kwetu Turkana jambo hilo halikuandikwa popote, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

Kiangazi cha mwaka tisini na mbili kikala kila kitu. Ng'ombe wakaisha, mzee akafa, na Aregae akashuka Lodwar kwa miguu na lori kutafuta cha kufanya. Akapata kufagia maabara ya hospitali moja. Siku moja mpimaji alikuwa anamchoma bibi mmoja mkono mzima, mshipa unamkimbia, bibi analia. Aregae akashindwa kuvumilia. Akauegemeza ufagio ukutani, akanawa, akasema, "Bwana, hebu." Akagusa kwa kidole, akachoma, damu ikaja. Mpimaji akamsogezea mgonjwa aliyefuata. Kuanzia mwezi ule Aregae hakufagia tena.

Basi ndivyo alivyopata koti jeupe, na kwa koti lile akamwoa Akitela, binti wa watu wa huko huko Lopur. Huyo mwanamke alikuwa na ulimi, jamani! Mumewe akirudi kutoka Lodwar alimpokea kwa salamu ya kwetu na maneno yake, "Ejok, daktari wa mishipa. Umekuja kutunyonya na sisi?" Boma zima linacheka. Alikuwa mtu wa kucheka na kufanya kazi, mpaka alipozaa mtoto wa pili, mapema mwaka tisini na sita. Tangu uzazi ule hakurudi kama alivyokuwa. Akakonda. Akipanda kutoka kisimani anakaa chini kwanza. Na mara nyingine, bila sababu, moyo wake unaanza mbio.

"Moyo wangu umeona fisi," alisema, akicheka huku ameshika kifua.

Aregae aliweka kiganja chake pale. Akasikia mapigo mawili ya haraka, kisha kimya, kisha matatu yamekanyagana, kisha moja peke yake. Hayakuwa na mpango wowote. Yalikwenda hivyo nusu siku, yakatulia, na mkewe akaamka akakamua mbuzi. Wiki mbili kimya. Halafu tena. Aregae aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Alimwambia shemeji yake Asekon, mdogo wa kike wa Akitela aliyekuwa akiishi nao, "Dada yako nitampeleka kwa daktari wa moyo hata kama ni kumbeba." Tatizo, daktari wa moyo hakuwapo karibu. Alikuwa huko bara, upande wa Nairobi, mbali.

Ndipo utafiti ukaja.

Daktari Elijah alikuwa kijana wa kutoka bara, mwembamba, mpole, mwenye haraka. Alisema wanataka kupima watu wa kawaida, si wagonjwa tu. Majina yangepigwa kura kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kutoka vijiji vya wenyeji vilivyo karibu, na kila aliyetajwa angefanyiwa mambo mawili. La kwanza, kulazwa na kufungwa nyaya kifuani ili mashine ichore mwendo wa moyo kwenye karatasi. La pili, kutolewa damu ipelekwe Nairobi kwa ndege ndani ya sanduku la barafu. Mafunzo yalifanyika ofisini Lodwar siku mbili, kwa Kiingereza kitupu, picha zikimulikwa ukutani. Aregae alielewa nusu. Alielewa kwamba mashine ndiyo inayoona moyo. Damu, alivyoona yeye, ilikuwa ya wenye utafiti, ya vitabu vyao. Hakuuliza. Nani aulize, koti jeupe liko mwilini na watu wote wanatikisa kichwa?

Akapewa gari, mashine, na mwenzake Nyakong, Mnuer wa Sudani, mkimbizi wa kambini Kakuma, mwanamke mrefu asiyependa mchezo, aliyeandika majina kwenye chupa. Kambini kazi ilikwenda vizuri. Watu wale walishazoea kuhesabiwa, kuitwa, kupanga foleni. Jina likitajwa, mwenye jina anakuja na kadi yake. Lopur ikawa hadithi nyingine.

Boma la kwanza tu, jina lililopigwa kura lilikuwa la mama mzee mwenye miguu iliyovimba. Akakubali kulazwa kwenye mashine, kwa kuwa mashine hainyonyi kitu. Aregae alipotoa sindano, mwanawe mkubwa, mzee mwenye fimbo na kigoda chake, akasimama mbele yake.

"Huyo hapana. Chukua huyu." Akamsukuma mbele mjukuu, msichana mnene wa afya.

"Mzee, jina ni la mama."

"Nimesikia. Wewe ni mtoto wa nani? Baba yako alimtoa damu ng'ombe aliyekonda?"

Looh! Hapo ndipo pabaya. Angekuwa mtu wa bara angebishana, angefungua kitabu. Aregae alisikia neno la baba yake kutoka kinywani mwa mtu mwingine, na mkono wake ukakataa kumgusa yule mama. Wote mle ndani ya kibanda walikuwa wanamtazama. Akamtoa msichana damu. Nje, chini ya kivuli cha gari, Nyakong, asiyejua kilichotokea ndani, akaandika kwenye chupa jina la yule mama.

Basi ikawa hivyo boma kwa boma. Dhaifu analala kwenye mashine, mwenye nguvu ananyoosha mkono. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya, naomba hilo lieleweke. Waliona wamewaheshimu wageni kwa kuwapa kilicho bora, na wamewahurumia wagonjwa wao. Aregae naye alijiambia damu ni damu, watasoma wanachosoma.

Kisha kura ikaangukia jina la mkewe.

Alifurahi, masikini. Alimlaza Akitela mwenyewe, akambandika nyaya, akaomba Mungu moyo uchachamae siku hiyo mbele ya mashine ili daktari auone. Wapi! Siku hiyo moyo ulikwenda taratibu, mawimbi yakachorwa yamepangana vizuri kabisa. Akitela akacheka, "Fisi amekuona na koti lako, amekimbia."

Ikabaki damu. Akitela mwenyewe alikunja nguo akaonyesha mkono. Ulikuwa mwembamba, mshipa umelala juu ya mfupa. Aregae akautazama, akautazama tena. Alikuwa amewaacha wagonjwa wa watu wote bila kuwachoma. Amchome wa kwake? "Wewe kaa," akasema. "Asekon, njoo hapa." Shemeji yake akaja. Mara moja tu, chupa ikajaa damu nzito nyekundu. Aregae akamwambia, "Usimwambie mtu. Ni ya utafiti tu."

Jioni Nyakong alikuja kuwasalimu wenye boma kabla gari halijaondoka. Akampa Akitela mkono, akampa na Asekon. Kwenye kiwiko cha Asekon kulikuwa na pamba na plasta. Kwenye cha Akitela hakukuwa na kitu. Walipofika barabarani akamgeukia Aregae.

"Kaka Aregae. Ile damu ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Mimi nimeona mikono mbili, kaka."

"Basi umeona vibaya," Aregae akasema.

Majibu yalichukua miezi mitatu. Yalipofika, Daktari Elijah aliwaita wote ofisini Lodwar, na safari hii, kwa bahati au kwa balaa, akaeleza kwa Kiswahili.

"Hiyo mashine inaona moyo dakika chache tu," alisema. "Moyo unaokwenda ovyo una ujanja, leo unachafuka, kesho umetulia. Lakini moyo ukielemewa hutoa kitu fulani, kidogo sana, kinaingia kwenye damu. Hata siku umetulia, kitu kile kimo. Ndicho tunachokitafuta. Hatujajua yote, bado tunajifunza. Ila aliye nacho kingi hatutamsubiri aanguke. Tunamleta hapa Lodwar, tunampima upya, tunampa dawa ya kutuliza mwendo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Maana moyo ukienda ovyo damu hutuama ndani yake, ikaganda, kipande kikapanda kichwani."

Aregae alikuwa amesimama karibu na mlango. Akakaa juu ya sanduku. Orodha ya wa kuletwa ikasomwa. Wa kambini kumi na saba. Wa Lopur, hakuna hata mmoja. Daktari alifurahi sana na Lopur. Alisema karatasi chache za mashine zilichorwa mistari ya ajabu, lakini damu ni safi, kwa hiyo itakuwa vumbi limeingia kwenye mashine.

Nyakong alimfuata Aregae uani. "Sasa unasema," alimwambia. "Leo. Daktari iko pale."

"Nitasema."

"Lini?"

"Akija Lopur mwezi ujao kuwapa watu majibu. Nitamwambia huko huko, kwa utaratibu."

"Mke yako ni mgonjwa, wewe unatafuta utaratibu?"

Hebu tuseme ukweli kuhusu Aregae, ingawa nampenda. Hakunyamaza kwa sababu hakujali. Alinyamaza kwa sababu akifungua mdomo, chupa zote za Lopur zinamwagwa, na koti jeupe linavuliwa, na yeye anarudi kwenye ufagio, tena kama atapewa huo ufagio. Alinyamaza pia kwa aibu. Watu walimwita mkono mwepesi. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo yeye aliijua, alishawahi kuwatolea wagonjwa wenye haya. Alijiambia moyo wa Akitela umetulia tangu mvua ndogo za mwezi uliopita. Alijiambia siku chache haziui mtu. Nyakong naye alibaki Lodwar kunakili majibu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumchoma kwa macho. Siku zikapita kumi na tisa.

Siku ya ishirini Akitela alikuwa kwenye kisima cha mtoni, mchangani, anawatekea mbuzi maji. Asekon alikuwa juu anapokea ndoo. Akasikia dada yake amekatiza neno katikati. Akachungulia, akamwona amekaa ndani ya kisima, ndoo imepinduka, nusu ya uso imeteremka, mkono wa kulia hauinuki. Anatazama juu, anataka kusema, na kinachotoka si maneno. Mwanamke mwenye ulimi ule!

Walimvuta kwa kamba wakamlaza kivulini. Aregae alikuwa Kakuma, aliletewa habari saa tisa, akaenda mbio kwa miguu. Gari la utafiti lilikuwa Lodwar. Lori lililopita barabarani lilikuwa limejaa askari, halikusimama, na kumbeba mgonjwa kwa miguu mpaka Kakuma waliogopa angefia njiani. Siku mbili aliweka kiganja kifuani pa mkewe, na mapigo yalikuwa yale yale, mawili, kimya, matatu, moja, kana kwamba yanamwonyesha. Alimwambia mkewe kila kitu. Alimwambia kuhusu chupa, kuhusu orodha, kuhusu siku kumi na tisa. Akitela alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado lake. Kama alisikia, hakuna ajuaye. Usiku wa Jumatatu akakata roho.

Alhamisi gari la daktari likaingia Lopur.

Elijah hakuwa na habari, wala Nyakong aliyekuja naye. Walitoka Lodwar moja kwa moja wakakuta watu wamekusanyika tayari, wazee kwenye vigoda mbele, wanawake nyuma, na Aregae amesimama mahali pa mkalimani, amenyoa kichwa. Daktari akadhani amenyoa kwa joto. Akamshika mkono, akasema, "Leo una kazi nzuri, bwana Aregae. Leo tunatoa habari njema."

Akaanza. "Waambie tumepima watu wengi, wa kambini na wa hapa. Waambie watu wa Lopur wana mioyo mizuri kuliko wote. Damu yao haina shida hata kidogo. Kwa hiyo kliniki ya moyo itakaa kambini, na gari halitakuwa na sababu ya kurudi huku."

Aregae akafasiri. Sauti yake ilikuwa kavu lakini hakuacha neno. Wazee wakatikisa vichwa kwa fahari. Kisha yule mzee wa boma la kwanza, mwenye mama wa miguu iliyovimba, akasimama na fimbo yake akazungumza kwa Kiturkana, akicheka, na watu wakacheka naye.

"Amesema nini?" daktari akauliza, akitabasamu.

Aregae angeweza kusema anashukuru. Nani angejua? Nyakong hakijui Kiturkana. Gari lingewashwa, mambo yakaisha. Akamgeukia daktari.

"Anasema, kwa nini isiwe nzuri? Anasema tuliwapa walio bora. Wagonjwa hatukuwagusa."

Tabasamu la daktari lilichelewa kuondoka. "Rudia."

Aregae akarudia. Akaeleza yote, la kamba na la mshale na la mnyama dhaifu, boma kwa boma, kwamba yeye ndiye aliyeshika sindano. Elijah alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akaomba daftari kwa Nyakong, akaliweka juu ya boneti ya gari iwe meza, kisha akaliondoa maana boneti ilikuwa ya moto, akaliweka juu ya goti. "Jina kwa jina," akasema. "Nani alitoa kwa ajili ya nani. Dhaifu wote walioko hapa wanatolewa damu upya leo."

Majina yakasomwa, watu wakajibu bila haya, maana hawakuona kosa. Bibi wa miguu iliyovimba akabebwa mpaka garini. Mmoja alikuwa amehama na mifugo. Wawili walikuwa wamekufa, na daktari akaandika polepole. Akafika katikati ya ukurasa.

"Akitela, mke wa Aregae." Akainua macho, uso wake ukalainika kidogo. "Huyu si tatizo. Huyu ulimtoa mwenyewe, wa nyumbani kwako. Karatasi yake naikumbuka, nilisema huyu ana moyo wa msichana."

Nyakong akamtazama Aregae. Aregae alitazama chini.

Ndipo Asekon akasogea kutoka nyuma kwa wanawake, mtoto wa dada yake amelala mgongoni mwake. Yeye hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Lakini jina alilisikia likitajwa, akanyoosha mkono wake mnene mbele ya daktari, upande wa ndani ukiwa juu, akasema maneno yake kwa Kiturkana. Kisha akamgeukia shemeji yake, akangoja.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Hakukuwa na mkalimani mwingine.

"Anasema damu ile ni yake," Aregae akasema. "Anasema mimi ndiye niliyemchagua, na mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Anasema nikuambie dada yake tulimzika Jumanne."